Sigara Isiyoshika

Tangu Paora afariki, Mereana alikunywa chai kibarazani peke yake. Kila asubuhi alivuta sigara mbili: moja yake, moja ya mumewe. Hivyo ndivyo walivyokaa miaka thelathini pale Ruatoria, kijiji cha Wamaori huko New Zealand, wakiitazama mvua vilimani.

Kifua kikaanza kumbana. Katika msiba wa jirani, alisimama mbele ya nyumba ya ukoo kuwaita wageni waingie, kazi aliyoachiwa na mama yake. Katikati ya wito, pumzi ikakatika. Mwanamke mwingine akamalizia. Mereana alirudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Ngaire, binti wa kaka yake, ni muuguzi. Alimletea pakiti nyeupe.

"Shangazi, hizi ni za utafiti wetu. Zina nikotini kidogo mno."

"Sigara za watoto?"

"Cheka tu. Nikotini ndiyo inayokufunga. Ikipungua sana, mwili unaacha kudai polepole."

"Kumbe hazina madhara!"

"Zinayo! Moshi ni uleule, na sumu yake. Hizi ni za kukusaidia kuacha, si za kuvuta maisha. Na hii plasta ya nikotini bandika begani, hamu isikutese."

Mereana akavuta. Ladha ilikuwepo, lakini kiu haikukatika. Wiki ya kwanza aligombana na kila mtu, hata paka. Wiki ya pili alitoa koti la Paora kabatini. Mfukoni alikuta sigara moja kuukuu. Akainusa. Akaivuta yote, huku analia.

Akampigia Ngaire simu. "Nimeharibu, mwanangu."

"Ulitamani sigara, au ulimtamani mumeo?"

Mereana alilivuta koti kifuani. "Yeye."

"Basi mlilie yeye, Shangazi. Huna kosa. Kesho tunaendelea."

Akaendelea. Sigara kumi kwa siku zikawa nne, nne zikawa moja. Siku moja aliizima ikiwa nusu, kwa kuwa haikumpa kitu. Hakuwasha nyingine. Plasta nazo akazipunguza, kama Ngaire alivyomwelekeza.

Chai bado aliinywa kibarazani. Bado alimkumbuka Paora, tena zaidi, maana sasa hakukuwa na moshi wa kumfichia machozi.

Mwezi wa nne ukoo ulikusanyika kufunua jiwe la kaburi la Paora, kama ilivyo desturi yao. Wageni walisimama langoni wakingoja. Mereana akajaza kifua, akaita. Sauti ilikwenda mbali, bila kukatika, na jina la Paora lilikuwa ndani yake.