Uso Kwenye Mchoro wa Gauni

Jua la Paris lilikuwa linazama Huguette alipopanda ngazi za karakana ya ushonaji walimofanya kazi, kuchukua shali ya mdogo wake. Ginette alikuwa kitandani siku ya tatu, homa imemkausha hata sauti.

Ukutani mchoro wa gauni la harusi ulikuwa palepale, wa mwisho aliouchora Bwana Vauquelin, mwenye karakana, wiki aliyokufa. Gauni lenyewe wameshalishona, limesimama kwenye sanamu ya kuvalishia nguo. Bwana hakuwahi kuchora nyuso.

Lakini sasa mchoro ulikuwa na macho... na pua. Na kidoti shavuni.

Kidoti cha Ginette.

Huguette akafinyanga tonge la mkate, akafuta, kama marehemu alivyokuwa akifuta michoro yake. Macho yakafutika. Yakarudi.

"Unajisumbua bure," Madame Berthe, msimamizi wao, akanong'ona nyuma yake. "Mdogo wako alishona unywele wake kwenye pindo la gauni?"

"Wasichana wote wanashona, Madame. Apate mume kabla ya mwaka kwisha. Mchezo tu."

"Mchezo, kama bibi harusi yupo. Hili halikuagizwa na mtu, mwanangu. Marehemu bado anamtafuta wa kulivaa. Mdomo ukitimia..."

Hakumaliza. Mdomo wa juu ulikuwa umeanza.

Chumba kikanuka sigara za marehemu. Krrr... krrr... Penseli ilikwaruza, na penseli haikuwepo. Huguette akapiga magoti, akafumua pindo huku machozi yakiiziba miwani yake.

"Ngoja, Ginette. Mngoje dada yako."

Pini ikamchoma. Akaendelea. Hatimaye unywele wa dhahabu ukatoka, akautupa kwenye jiko la kupashia pasi ukaungua. Karatasi ikabaki bila uso.

Tone la damu lilikuwa limeingia kwenye hariri. Kila mshonaji anajua: damu yako huondolewa kwa mate yako. Akatafuna uzi ukalowa mate, akasugua nao, doa likaisha. Madame Berthe, miaka thelathini kazini, akaitikia kwa kichwa kumsifu.

Nyumbani alimkuta Ginette amekaa.

"Umechelewa, dada. Supu nimeimaliza yote."

Huguette akacheka, akalia. Alihisi baridi kidogo tu.

Asubuhi alikuwa wa kwanza karakanani. Mchoro ulikuwa na uso. Ulivaa miwani, miwani yake.

Akakimbilia pindo, mkasi mkononi, akasimama. Unywele hufumuliwa. Damu na mate vilivyokwisha kunywewa na hariri, atavifumua wapi?

Krrr...