Dakika Mbili za Mutanu

Wewe umewahi kumwonea wivu mtu aliyezikwa? Warigia hakujijua kuwa mtu wa wivu. Alikuwa na duka lake la diski mjini Nyeri, ghorofani, juu ya wauza mitumba, na katuni za Kijapani zimepangwa ukutani kama vyombo vya bibi arusi. Jumamosi moja, duka limejaa vijana wanaosukumana, aliingia mwanamume mrefu wa sweta ya kijani iliyofumwa kwa mkono. Alishika diski kwa ncha za vidole.

"Inakwama," alisema.

"Uliiosha na sabuni ya unga?"

"Ai, dada! Niko na akili."

"Wote huniambia hivyo."

Warigia akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na mkwaruzo. Akasoma namba ndogo iliyochongwa karibu na tundu, akacheka. Namba hiyo aliijua. Diski zote za fungu lile zilitoka kiwandani na kasoro: katika sehemu ya tisa sauti hukatika dakika mbili nzima, na maandishi ya tafsiri hupotea pamoja nayo. Msichana amesimama darajani, anafungua mdomo, anaongea, na hakuna kitu.

"Niachie. Naituma Nairobi kwa mwagizaji, wananipa nzima. Ndiyo kawaida yetu."

"Hapana. Hiyo kimya iache. Safisha tu isikwame."

"Ati niache ubovu? Wewe ni mtu wa wapi?"

"Bungoma. Naitwa Simiyu. Ni fundi wa stima, Kiganjo."

"Ooh. Stima ilikupiga kichwa. Sasa naelewa," alisema Warigia, na vijana wakaangua kicheko.

Alimsafishia. Jioni akapiga simu kuuliza kama inacheza. Kesho yake Simiyu akapiga kuuliza kama amekula. Ikawa hivyo miezi mitatu, "Mama Diski" huku, "Bwana Stima" kule, mpaka Jumapili moja alasiri akamwalika kwake. Warigia alivaa rinda la buluu lenye vifungo vyeupe, akachana nywele mara mbili.

Simiyu akaweka ile diski. Ilipofika darajani sauti ikakatika, naye akainamisha kichwa, akatabasamu, kama mtu anayesimuliwa jambo.

"Unasikia nini?"

"Mutanu. Mke wangu." Alisema polepole. "Hapa ndio alikuwa anaongea, anajaza hiyo kimya. Anamfanya huyo msichana aulize kama muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya kwao, imeiva. Kila siku maneno mengine. Aliugua wiki mbili tu, akaenda. Lakini hapa bado anakuja."

Warigia akatazama ule mdomo ukifunguka na kufungwa. Ndipo akasikia mtu akivuta pumzi nyuma ya kiti chake. Aligeuka. Kulikuwa na sweta ya kijani tu, imetundikwa msumarini. Chai yake ikapoa bila kuguswa.

Mwezi uliofuata diski ikaanza kukwama tena. Simiyu akaileta dukani, akasema, "Mpenzi, isafishe pole pole," akaenda kazini. Warigia akaishika muda mrefu. Kisha akachukua bahasha ya diski za kubadilishwa, akaitia humo, akaandika ile namba na jina la mwagizaji kwa mwandiko wake mzuri kabisa.

Wiki tatu alimwambia mashine ya kusafishia imeharibika. Nzima ilipofika, akaiweka ndani ya kasha lile lile la zamani, akampa.

Saa moja jioni simu ikalia.

"Warigia." Nyuma ya sauti yake msichana alikuwa akiongea Kijapani, sauti nyembamba, safi. "Huyu ni nani anaongea?"

"Simiyu, ngoja..."

"Mutanu ako wapi?"

"Nilichanganya na zile za kubadilishwa. Ni makosa ya kazi, mpenzi. Pole."

Simu ikakatika. Siku kumi na nane hakupiga. Warigia alimpigia mwagizaji, akaambiwa mbovu zote zimeshakatwa vipande. Dukani, kila diski aliyoijaribu, alijikuta akingoja sauti ikatike. Haikukatika, na hilo ndilo lililomtisha.

Jumatano akafunga duka saa sita, akaenda Kiganjo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Simiyu alikuwa amekaa mlangoni, ndevu hajanyoa, akifungua soketi kuukuu.

"Imekatwa," alisema Warigia. "Haiwezi kurudi."

"Nilijua." Hakuinua macho. "Makosa ya kazi hutokea. Karibu kiti."

Hapo angeweza kukaa, akanywa chai, na ule uongo ungekaa nao meza moja maisha yote. Alibaki amesimama.

"Haikuwa makosa. Nilijua ni gani. Namba yake niliandika na mkono wangu. Nichukie ukitaka, lakini nilikuwa nimechoka kukaa sisi watatu."

Bisibisi ikatulia mkononi mwa Simiyu. Ndani ya nyumba mlango ukajifunga polepole, na upepo haukuwepo. Wote wawili waliusikia.

"Hiyo mpya nimeicheza kila siku," alisema Simiyu. "Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nililala mpaka asubuhi. Tangu tumzike sikuwa nimelala hivyo. Nikakukasirikia juu ya huo usingizi."

"Simiyu..."

"Wacha nimalize." Akaweka bisibisi chini, akamshika mkono. "Hata mimi nilitaka anyamaze, Warigia. Miaka miwili nimetaka, na nikaogopa kumwambia."