Utepe wa Njano

Duka la vifaa lilifurika watu, na utepe wa njano ulibaki mmoja. Mikono miwili iliukamata pamoja: wa mwalimu wa fizikia, Bisibisi kwa jina la utani, aliyevaa gauni la zambarau lililotobolewa na cheche, na wa Kocha wa shule jirani, mrefu, raba nyeupe pee.

"Dada, nachora uwanja wa kikapu."

"Na mimi wa roboti."

"Roboti wanatoka jasho?"

"Wanatoka moshi. Lete!"

Waligawana utepe nusu kwa nusu, na namba za simu juu yake. Sijui namba ya simu inachora uwanja gani, lakini haya.

Miezi mitatu simu haikupoa.

"Umekula, malkia wa nyaya?"

"Niache, nalehemu."

"Nilehemu na mimi basi, nimelegea."

Ila Bisibisi hakutulia. Alitaka wanafunzi wake wa roboti wahesabiwe wanamichezo: jezi, basi la safari, makofi ya paredi. Mwalimu mkuu, mama mgumu kama kokwa, akamwambia, "Mchezo gani hauna refa? Nionyeshe mashindano yenye refa, ndipo niamue."

Akamleta Kocha awe refa. Moyoni alijisemea, mwenye refa wake hapewi kadi.

Siku ikafika, ukumbi umejaa. Katikati ya mechi gurudumu la roboti likalegea. Wasichana wake wawili wakaliinamia. Bisibisi alikaa, akasimama, akakaa tena. Mara huyo, kavuka utepe, kakaza skrubu mwenyewe.

Filimbi ikalia.

"Mwalimu kagusa. Timu nje!"

"Mpenzi, skrubu moja tu!"

"Hapa sina mpenzi. Mimi refa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wasichana wakaangua kilio.

Siku tisa Bisibisi hakupokea simu ya Kocha. Alipanga nyaya, akazipangua. Alivaa viatu aende kwake, akavivua. Siku ya kumi mwalimu mkuu akamwita.

"Jezi nimeagiza. Nilipoona watoto wanalia na mwalimu anataka kumng'ata refa, nikajua huu ni mchezo kweli."

Na wale wasichana, macho chini, wakamwambia, "Mwalimu, tungelikaza wenyewe."

Hilo ndilo lililomchoma. Akapiga simu: "Njoo ukumbini."

Kocha alifika amenyoosha shati, akasimama nje ya utepe. Bisibisi yuko ndani, na ufagio.

"Mbona huingii?"

"Naogopa kadi."

"Uliniaibisha mbele za watu."

"Ningekufumbia macho, wangesema watoto wako wanabebwa. Mwanamichezo habebwi, mpenzi."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye nitakayekubeba, nikishaonana na baba yako."

"Baba? Yule filimbi yake haina huruma."

"Nitacheza hivyo hivyo."

Bisibisi akauegemeza ufagio ukutani. Akachuchumaa, akaukwangua utepe kwa ukucha, akaubandua kipande cha upana wa mlango.

"Ingia basi, refa. Na raba zako uvue, nimeshafagia."