Kikohozi Ndani ya Somo la Mfano

Asubuhi ya Jumamosi, mkufunzi wa wakunga alikuwa sebuleni akilinganisha programu mbili za uzamili kwa njia ya masafa, zote za usanifu wa masomo ya mtandaoni. Akafungua somo la mfano la chuo kikuu cha kwanza. Mikono miwili ikatokea, ikimpa pumzi mwanasesere wa mtoto mchanga.

"Usiogope," sauti ikasema. "Mtoto huyu anakutegemea wewe." Nyuma yake mtu akakohoa.

Sauti ilikuwa yake mkufunzi mwenyewe. Mikono yake. Chini paliandikwa: *Limesanifiwa na mhadhiri wetu mpya.*

"Wifi!" akaita. "Njoo uone, nimeibiwa mchana kweupe!"

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa mpelelezi wa polisi. Alilitazama somo mara mbili.

"Nani wengine walikuwa nalo?"

"Wawili tu. Fundi wa kompyuta pale chuoni kwetu, aliyewawekea wanafunzi mtandaoni. Na mkuu wa idara, nilimpa rasimu. Akasema haifai kitu. Nilipomwambia nataka kwenda kusoma, akacheka: kozi hizi si za watu wa umri wako."

Jumatatu walianza kwa fundi. Kijasho kilimtoka.

"Funguo za mtandao ninazo, sikatai," alisema. "Lakini mama, niibe somo la kuzalisha nikamfundishe nani?"

"Tufungulie nakala yako," mpelelezi akasema.

Walisikiliza. "Usiogope. Mtoto huyu anakutegemea wewe." Kisha kimya.

"Kikohozi kiko wapi?" mpelelezi akauliza. "Cha mama mkwe kile, nakijua hata usingizini."

Mkufunzi akashika mdomo. "Nilikifuta kabla ya kumpa fundi. Kimebaki kwenye rasimu tu."

"Tuwie radhi, baba," mpelelezi akamwambia fundi, naye akashusha pumzi.

Mkuu wa idara aliwapokea kwa bashasha. "Karibuni, kina mama!"

"Hongera kwa uhadhiri," mpelelezi akasema.

"Ahsante. Lakini nani kawaam—" Tabasamu likamfia usoni.

Mkufunzi akapaza sauti. "Kumbe lilifaa!"

"Walitaka mfano wa kazi yangu," mkuu akanong'ona. "Mimi kutengeneza sijui. Nikaona la kwako limekaa tu."

"Limekaa? Miezi yote ile narekodi jikoni, mama anaumwa chumba cha pili! Na ulinikatisha tamaa nisisome, maana ningekukuta darasani. Unifundishe somo langu, na ada nilipe mimi!"

"Dada yangu, haya tuyamalize humu humu."

"Udada umeanza leo? Wapigie simu waliokuajiri. Uwaambie mwenyewe, tukisikia."

Alipiga. Akasema yote.

Wiki ile ile somo liliondolewa na ajira yake mpya ikafutwa. Chuoni kwao akasimamishwa, asubiri kamati ya nidhamu. Chuo kikuu kile kikamwomba mkufunzi radhi, kikamsihi ajiunge nacho.

Hakujibu upesi. Aliviandikia vyuo vyote viwili swali moja: kazi anayoitengeneza mwanafunzi ni ya nani?

Cha kwanza kilijibu kwamba suala hilo litapelekwa kwenye jopo.

Cha pili kilijibu kwa maneno mawili: "Ni yake."

Akajiandikisha huko.