Chambo cha Alhamisi

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalimpata Lewa, ambaye ua wao na wetu ni mmoja, hapa hapa Ngomeni, na aliyenihadithia ni yeye mwenyewe, kaviinamia vidole vya miguu yake kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Alhamisi ile ilianza kama Alhamisi yoyote. Alikunywa chai ya rangi, akala mahamri mawili ya jana, akatia kimia, wavu wake wa kutupa, begani, akachukua ndoo yake nyeupe na kushika njia ya mikokoni. Kazi yake ilikuwa kukamata chambo hai. Wageni wanaovua kwa kayaki hawataki samaki wa barafu. Wanataka mkizi wa urefu wa kidole, mzima, anayerukaruka, wamtunge ndoana mdomoni na kumwachia aogelee mbele ya kayaki, mpaka nguru au kolekole amwone na ajisahau. Mkizi akifa njiani, mgeni anakununia kana kwamba umemzika mamake.

Lewa ana degree ya uvuvi. Second class upper, mwanangu, si mchezo. Miaka minne alisoma samaki bila kumshika hata mmoja, na mingine mitatu akatembeza bahasha ya kaki ofisini kwa watu. “We’ll keep your CV on file.” Hilo faili, nadhani, sasa limeipita bahari kwa ukubwa.

Aliyemfundisha kutupa kimia si profesa. Ni Kadii, jirani, mwanamke aliyeishi kwa kuchokoa chaza kwenye mizizi ya mikoko. Siku Lewa alipomtajia mkizi kwa jina lake la Kilatini, Kadii alicheka hadi akakaa chini.

“Haya, si jina unalo? Hebu mwite basi, tuone kama ataitika.”

Kisha akamfundisha. Lowesha mikono kabla hujamgusa samaki, kwani mkono mkavu humvua ute wake, na asiye na ute hafikishi adhuhuri. Tumia ndoo nyeupe, umwone mapema anayeanza kulala ubavu. Usiwajaze wengi. Usiwapigie kelele.

Sasa Kadii alikuwa amepotea tangu Jumatatu. Bamvua, maji makuu ya mwezi, lilikuwa kubwa, akaingia mikokoni na kisu chake, hakutoka. Watu walimtafuta siku tatu, lakini walimtafuta bahari kuu, maana maji yalikuwa yakitoka alipoonekana mwisho, na maji yakitoka hutoka na kila kitu. Uweis, yule Mbajuni anayeongoza wageni wa kayaki, alipiga kasia mpaka mwambani akarudi na mikono mitupu. Mamake Kadii, Bi Jedida, alikaa bandarini kutwa, hali, hanywi, anatazama mawimbi tu.

Na Lewa? Lewa alikuwa busy. Mashindano ya kayaki yalikuwa Ijumaa hadi Jumapili, na Cynthia, manager wa hoteli, alimwonyesha mkataba uliokwisha chapwa, jina lake lote juu yake.

“Nipe chambo siku tatu, Lewa. Wazima, siyo wale wanaokata roho njiani. Jumapili jioni unasaini, unakuwa staff.”

Shida ni kwamba bamvua lilikuwa limevuruga tope, na tangu Jumatatu kimia kilikuwa kikitoka na majani matupu. Alhamisi ile akaamua kuingia ndani zaidi, hadi kwenye kidimbwi ambamo maji hubaki hata bahari ikikupwa.

Akatupa mara moja. Kimia kikawa kizito.

Mikizi. Mikizi hadi nyuzi zilikuwa zinalia. Akawatia ndoo, akatupa tena, tena, kila mtupo umejaa. Alicheka peke yake. Mara ya nne kimia kikanasa kwenye mizizi, akapiga magoti kukinasua, na hapo ndipo akaona kwa nini samaki walikuwa wamekusanyika mahali pamoja.

Mguu. Una kikuku cha shanga za bluu, kile cha Kadii.

Alikuwa amelala ubavu chini ya mizizi, mgongo ameipa nchi kavu, uso ametazama upande wa bahari. Samaki wadogo walikuwa wamemzunguka kama watoto kwenye sahani moja. Siongezi neno hapo.

Lewa hakupiga kelele. Alisimama, akatazama ndoo, akatazama mizizi. Na akili ile iliyosomeshwa kwa kuuza shamba la korosho la babake ikafanya kazi haraka kuliko ilivyowahi kufanya kwenye mtihani. Akisema, watakuja polisi, watakuja watu mia, kidimbwi kitavurugwa, mikizi watatawanyika. Mkataba kwaheri.

Akainama akanong’ona. Ndiyo, alimnong’oneza.

“Siku tatu tu, dadangu. Wewe huna haraka tena.”

Alipotoka mikokoni, mtu wa kwanza kukutana naye ni Bi Jedida.

“Shikamoo, mayo.”

“Marahaba, mwanangu.” Macho yake yalikuwa mekundu kwa chumvi. “Wewe ndiye unayeingia huko kila siku. Hujaona kitu? Hata kitambaa tu?”

Maji ya ndoo yalimwagika kidogo, yakamlowesha mama yule miguu.

“Sijaona, mayo.”

“Mulungu akubariki kwa kuangalia.”

Hilo ndilo alilonirudilia mara tatu aliponihadithia. Si mguu. Si yaliyofuata. Ni baraka ile.

Ijumaa asubuhi aliwagawa mikizi katika ndoo tisa ufukweni, kwa kayaki tisa, wageni tisa wenye miwani ya gharama. Alipofunua ya kwanza akaona mikizi wote wamesimama vichwa upande mmoja. Akajiambia ni pampu ya hewa. Samaki hugeukia mkondo, that’s basic, first year. Akazima pampu. Wakabaki vilevile. Akaizungusha ndoo taratibu. Mikizi nao wakazunguka, taratibu, mpaka vichwa vikarudi palepale.

Kuelekea mikokoni.

Akafunua ya pili. Ya tatu. Zote.

Kayaki ziliingia majini. Chambo hai, kwa kawaida, kila mmoja hukimbia njia yake. Huyu kushoto, huyu chini, huyu anarudi kujificha chini ya kayaki. Siku ile mishipi tisa ilinyooka pamoja kama vidole vinavyomwonyesha mtu mmoja. Wageni walicheka, wakapiga picha. Nguru hakuuma hata mmoja.

Uweis alirudi ufukweni adhuhuri, akavuta kayaki yake mchangani, kisha akaja kusimama karibu na Lewa. Karibu mno.

“Samaki hawa umewatoa wapi?”

“Kule kule kwa siku zote, kaka.”

“Mimi navua tangu sijaota ndevu. Chambo hukimbia kivuli, hukimbia mwamba. Hawa wako hawakimbii.” Akapunguza sauti. “Hawa wanarudi kwa mtu.”

“Wewe Uweis na ushirikina wenu! Kula wali, ukalale.”

“Nikalale.” Alimtazama mikono, si uso. “Haya bwana. Mimi nitalala.”

Jumamosi, saa tano ya mchana, jua la utosi, Lewa aliingia tena. Aliweka nadhiri hatatazama mizizini. Alitupa kimia akiwa amefumba macho. Kikajaa.

Akaanza kuhamisha samaki. Ndipo akasikia.

Ko. Ko. Ko.

Kisu juu ya gamba la chaza. Sauti aliijua. Mgongo wake uliijua kabla ya masikio.

“Hodi?”

Hata kaa hawakutembea.

Ko. Ko.

Nyuma yake. Akageuka. Mizizi tu.

Ko.

Karibu zaidi. Pole pole. Kama mtu mwenye siku nzima. Kama mtu asiye na haraka tena.

Alikimbia. Viatu vikabaki topeni. Lakini nisikilizeni vizuri, msimwonee huruma bado: ndoo aliibeba. Alikimbia na ndoo, hakumwaga hata tone.

Usiku ule hakulala, na sitawachosha nao, kwani hakuna kilichotokea. Ubaya wote ulikuwa wa mchana.

Jumapili hakuhitaji kimia. Alipofika kidimbwini, mikizi walikuja wenyewe miguuni kwake. Alizamisha ndoo, wakaingia mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama watu wanaopiga kura. Hapo akavunja nadhiri, akatazama mizizini.

Hapakuwa na mguu.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na matope laini, na juu yake shimo la umbo: bega, nyonga, goti lililokunjwa. Umbo la mtu aliyelala.

Na ndoo zikaenda ufukweni, jamani. Zikaenda!

Saa nne mishipi tisa ikanyooka. Safari hii kayaki nazo zikaanza kwenda. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu, maji yalikuwa yanatoka, na kayaki tisa zikawa zinarudi mikokoni, kinyume cha vyote viwili, zikivutwa na samaki wasiozidi kidole. Mzungu mmoja akaanza kulia kwa lugha yao. Uweis alipiga kasia toka huyu hadi huyu na kisu mkononi.

“Kata! Cut the line! Kateni nyote!”

Wakakata. Maji yakatulia kama hayakuwahi kuguswa.

Mashindano yakafungwa, Cynthia akasema ni mkondo, wageni wakala pweza. Na jioni, kwa kuwa chambo kililetwa siku tatu, tena kizima, akatoa mkataba na kalamu.

“Congratulations, Lewa. Saini hapa chini.”

Alisaini. Mnangoja niseme aliuchana? Hakuuchana. Aliukunja mara nne, akautia mfuko wa shati, akaenda nao hivyo hivyo mpaka kwa Bi Jedida, aliyekuwa bado amekaa bandarini, na mbele yake uji uliogandia kikombeni.

Akapiga magoti.

“Mayo, nilimwona. Ndani ya mikoko, kwenye kidimbwi. Sasa hayupo.”

Mama hakushtuka. Alimshika kidevu, kama mtu anavyomshika mtoto amfute kamasi.

“Ulimwona lini?”

“Alhamisi.”

“Leo ni siku gani?”

“Jumapili, mayo.”

Bi Jedida akakunja kidole. Ijumaa. Akakunja cha pili. Jumamosi. Akakunja cha tatu, akakishikilia pale. Hakuuliza kwa nini. Lewa ananiambia laiti angeuliza. Laiti angempiga.

Waliingia watu wengi na tochi, na kesho yake kukicha wakaingia tena, wakachimba hadi kwenye mizizi mizee. Kadii hakupatikana. Wazee walimzika kwa kumzikia mgomba badala ya mwili, kama azikwavyo aliyekosekana. Lewa alijitokeza kubeba. Kache, mdogo wake Kadii, akamtoa mkono juu ya jeneza, kidole kimoja kimoja. Mikono ya Lewa, kama aliilowesha kwa machozi au kwa jasho, mimi sijui, ilikuwa imelowa.

Sasa kaajiriwa, anavaa fulana yenye nembo mgongoni. Na kila bamvua, bahari ikikupwa, Bi Jedida huja kwenye geti la hoteli na kumwita kwa jina. “Wewe ndiye unayeijua njia.” Lewa huomba ruhusa, humwongoza hadi kidimbwini, wakakaa. Umbo lile lipo. Maji hujaa juu yake mara mbili kwa siku na kukupwa mara mbili, tope la pembeni hubadilika, nyayo hufutika, umbo lipo. Hakuna kaa anayechimba hapo.

Bamvua lililopita mama alilitazama muda mrefu kuliko kawaida.

“Hebu nikumbushe. Ulisema alikuwa ametazama wapi?”

“Baharini, mayo. Mgongo huku kwetu.”

“Hakika?”

“Wallahi vile.”

Bi Jedida alijisogeza pembeni kidogo, ampishe aone.

Bega lilikuwa limehamia upande wa pili. Na mahali palipokuwa pa kisogo, tope lilikuwa limeshika paji la uso, pua na kidevu, wazi kama kinyago, vimegeukia kijia wanachoingilia.