Aliyejibu kwa Jina la Mogesi

Jibu lililotumwa kwa jina lake lilikuwa sahihi, tena la kistaarabu, ila Mogesi hakuliandika. Lilianza na neno "Mura," yaani kijana wa kiume kwa Kikurya, na katika mradi ule ni mtu mmoja tu aliyekuwa akimwita kila mtu mura, awe mwanamume au mwanamke. Mtu huyo, Kisyeri, walikuwa wamemzika kwao Kemambo kabla ya mavuno.

Kisyeri ndiye aliyeandika kifurushi, yaani kipande cha programu, cha kupiga hesabu za dozi. Mradi wenyewe ni programu huria: watu wanajitolea kuijenga, zahanati za vijijini zinaitumia bure, na kila kifurushi ndani yake kina mtunzaji wake, wa kurekebisha kasoro na kujibu wanaouliza. Kikikosa mtu kinawekwa alama kwamba hakitunzwi, ili watumiaji wajihadhari. Pale msibani, mbele ya mama wa marehemu, Mogesi alisimama akasema atakitunza yeye. Watu waliitikia kwa kumsifu. Akaandika jina lake, na sifa hiyo ya utunzaji ikampatia kazi nzuri ya kompyuta anayoifanyia nyumbani kwake Susuni. Kifurushi chenyewe hakukifungua hata mara moja.

Alilisoma tena lile jibu. Chini yake palikuwa na shukrani: "Asante dada Mogesi, umetuokoa." Hapo ndipo angesema kweli, na hakusema. Alifunga kompyuta akaenda kuchuma mboga.

Majibu yakaendelea. Kasoro zilizokuwa zimelala tangu msiba zikarekebishwa moja baada ya nyingine, na Mogesi akisifiwa anaitikia. Aibu ilikuwepo, lakini aliizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Kazi ya mteremko haina jasho, bwana.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, ileile isiyotoka kwenye mashati ya Kisyeri, kwani alikuwa akishinda joshoni na mifugo ya baba yake kabla ya kugusa kompyuta. Mchana kweupe Mogesi anasonga ugali jikoni, na chumbani kibodi inabonyezwa, taratibu, bila kupumzika, na akiuacha mwiko na kutega sikio anasikia pia pumzi, pumzi ya mtu aliyechoka hadi mifupani, inavutwa kwa shida, inaachiwa, inavutwa tena, na hata akifungua madirisha yote harufu ile inamfuata mpaka kwenye chakula, mpaka kwenye nywele zake mwenyewe.

"Kisyeri," alinong'ona siku moja mlangoni, hakuthubutu kuingia. "Pumzika basi."

Kibodi haikunyamaza.

Simu ya Verdiana ndiyo iliyovunja mazoea hayo. Verdiana ni nesi, mtu wa Bukoba, amepangiwa zahanati upande wa Kenyamonta.

"Dada Mogesi," sauti ilikuwa chini, inatetemeka. "Ile dawa mpya ya maji ya degedege ina nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Nilikuuliza kama hesabu zenu zinalijua hilo. Ukanijibu, 'Mura, usijali, iko sawa.' Nimempa mtoto. Amelala, haamki. Tunamkimbiza hospitali."

Dawa mpya ilikuja baada ya mazishi. Aliyekufa angeijuaje?

Alichukua bodaboda mpaka Kemambo kwa Mama Mokami, mamake Kisyeri. Alimweleza mambo nusunusu: kuna kitu nyumbani, kina harufu ya josho. Mama yule hakuuliza zaidi. Alijifunga kanga, akapanda nyuma yake.

Njiani Verdiana alipiga tena: mtoto ameamka, amenyonya. Mogesi alilia palepale juu ya pikipiki.

Kibodi ilikuwa ikibonyezwa walipoingia. Mama Mokami alisimama katikati ya chumba, akafumba macho.

"Ni kazi gani hiyo anafanya?" aliuliza polepole.

"Ni yangu, mama. Ile niliyoahidi msibani."

"Mimi, kwa mila yetu ya mwanamke kuoa mwanamke, nilimwoa Waisiko ili nyumba yangu isizimike, kwa kuwa mwanangu hakuacha mtoto. Waisiko analima, anakamua, nyumba ina moto. Wewe uliingia nyumba ya mwanangu ukakaa mlangoni, ukamwacha yeye ndani na majembe." Akavuta pumzi. "Andika ukweli. Wote wasome."

Mogesi aliketi. Vitufe vya kibodi vilikuwa na joto. Aliondoa jina lake, akaweka alama kwamba kifurushi hakitunzwi na wala hakikuwahi kutunzwa naye, zahanati zisikitumie. Jibu la Verdiana lilikuja papo hapo: "Sasa aliyekuwa ananijibu ni nani?"

Uso ulimwaka. Aliandika: "Ni marehemu Kisyeri. Nilijua, nikanyamaza, nikapokea shukrani zilizokuwa zake."

Mama Mokami alichota maji kikombeni, akayapuliza kwa mdomo kuelekea mezani, akasema maneno machache kwa Kikurya, kwa upole, kama anayemlaza mtoto. Pumzi ile ilitoka ndefu, ikakatika. Harufu ikaanza kutoka dirishani.

Mama alistuka. Akaifuata mpaka dirishani, akashika nondo, akanusa, akanusa tena, mpaka pakabaki hewa tupu. Alipogeuka, machozi yalikuwa yamelowesha kanga.

"Siku zote hizo mwanangu alikuwa hapa," alisema, "na hukuniita?"