Friji si Pikipiki

Siku ile mjinga alikuwa ni mimi. Nasema mapema, kabla mke wangu Fausta hajakuambia.

Mimi ni Patriki, fundi pikipiki hapa Dongobesh. Ufundi nimejifunza kwa kuungua vidole, si kwa cheti. Mwaka huu tulinunua friji. Tuliiweka sebuleni, tukaitandikia kitambaa juu. Kila mgeni alifunguliwa mlango aone taa ikiwaka ndani. Hata aliyekuja kuomba chumvi aliiona.

Lakini friji haikununuliwa kwa ajili ya taa. Mama yangu, Gaudensia, ana kisukari. Anachoma insulini asubuhi na jioni. Vichupa vyake viwili vilikaa mle.

Jumamosi moja shemeji yangu Hhando alituma ujumbe: kesho anakuja. Nikataka anywe soda yenye barafu. Ndani ya friji yetu kuna kitufe cha kuzungusha, kina namba moja hadi saba. Kilikuwa kwenye mbili. Nikakipeleka saba.

"Saba ya nini?" Fausta aliuliza.

"Mama Glory, pikipiki ukiitaka mwendo, unavuta mafuta yote!"

Asubuhi Mama alitoa kichupa. Dawa ndani yake ilikuwa ngumu kama jiwe. Na cha pili vilevile. Vyote vilikuwa vimegusa ukuta wa nyuma.

"Patriki," Mama alisema taratibu, "dawa yangu imekuwa barafu."

"Tuiloweke kwenye maji ya moto," nikasema.

Fausta alikimbia kumwita jirani yetu Scolastica, nesi wa zahanati.

"Shikamoo, mama," Scolastica alisema akiingia.

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone kazi ya fundi."

Scolastica alivishika vichupa, akatikisa kichwa. "Baba Glory, hizi hazifai tena. Insulini ikiganda imeharibika. Hata ikiyeyuka na kuonekana safi, usimchome mama."

"Sasa achome nini?"

"Mpya. Panda pikipiki uende hospitali ya Haydom sasa hivi. Mimi nabaki hapa nimpime sukari."

Alinipa kikasha chake cha kubebea dawa. Siku hiyo nilivuta mafuta yote, na safari hii hakuna aliyeniuliza kwa nini. Niliporudi, jua lilikuwa bado juu. Mama alikuwa na kiu na uchovu mwingi. Alichoma dawa mpya. Nikakaa chini.

Baadaye Scolastica alinionyesha kitufe. "Namba hizi si nyuzi joto. Zinaonyesha nguvu tu. Kwenye friji hii, namba ikipanda baridi inazidi. Friji ya mwingine inaweza kuwa tofauti, asome kijitabu chake."

"Nitajuaje kama baridi inatosha?"

"Pima! Wewe upepo wa tairi unabahatisha?"

Akatumbukiza kipimajoto alichotuletea kwenye glasi ya maji, akaiweka rafu ya katikati. "Kiache mpaka kesho. Tunataka nyuzi nne. Ikizidi tano, maziwa na nyama havikai. Dawa ya mama inataka kati ya mbili na nane. Iweke katikati, mbali na ukuta. Na usiingize sufuria ya moto."

"Na mlango si televisheni," Fausta akaongeza.

Nilirudisha kitufe kwenye mbili. Kesho yake kipimajoto kilionyesha nyuzi saba. Kumbe hata zamani maziwa yetu hayakuwa salama! Nikaongeza namba moja tu, nikasubiri siku nzima. Nne. Nilifurahi kama mtu aliyeona mtoto wake akipiga hatua ya kwanza.

Sasa kila Jumamosi napima na kuandika kwenye karatasi mlangoni. Maziwa hayachachi. Sukari ya Mama imetulia, anakwenda kanisani kwa miguu yake. Majirani bado wanakuja, ila siku hizi wanaulizia kipimajoto. Nami nawaeleza, kifua mbele.

Mwezi uliofuata Hhando, ambaye Jumapili ile hakufika, alikuja kutoka Katesh. Alikunywa soda, akacheka.

"Shemeji, friji yako imechoka? Hata punje ya barafu hakuna! Yangu inagandisha mpaka mayai."

Nilifungua mdomo nijitetee. Mama akaniwahi.

"Hhando, mwanangu, mimi nimechunga ng'ombe Tumati, miguu peku, mwezi wa saba, umande ukiganda kwenye nyasi. Barafu naijua. Haijawahi kunitibu."

Hhando alimaliza soda yake, akaomba aone kipimajoto.